Namna ya kumutosha mutu mwenye amepigwa lisasi wakati masasi bado inapita

Hapa Goma hata mutoto wa miaka 6 anajua kuachanisha lisasi yenye inalia mbali na yenye inapiga «taa!» kama fimbo juu ya kichwa. Ile ya «taa!» imepita karibu, lala chini. Lakini kitu batu mingi habajue ni nini ya kufanya dakika yenye jirani anaanguka mu barabara na anaanza kuita mama yake. Miye niko sekuriste (mutu wa huduma ya kwanza) wa kujitolea, nilifundishwa na muzee moja mwenye alikuwaga munganga wa basoda (askari), na mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mujini niliona batu bazuri, bajasiri kabisa, bakianguka juu ya mutu mwenye balikuja kumusaidia. Njo maana naandika hii. Siasa siitie humu, mwenye anataka siasa redio iko.

Nianze na soda moja wa Malawi juu hadisi yake ni ya hapa kwetu mu Nord-Kivu na batu mingi habaijue. Aliitwa Chancy Chitete, soda wa cheo ya chini kabisa, alikuwa mu MONUSCO, basoda ba ONU (Umoja wa Mataifa) ba kulinda amani mu Congo. Mu Novemba 2018 balienda kupigana na ADF, kundi ya baasi yenye ilitokea Uganda, ku Kididiwe, upande wa Beni, na kule masasi ikakuwa mingi mpaka koplo moja wa Tanzania, Ali Khamis Omary, akaumizwa vibaya akashindwa kutembea, na kubakia pale ilikuwa kungojea kufa. Chitete akamufikia, akamuvuta mpaka fasi yenye ilikuwa na kinga, na kisha njo akaanza kumuhudumia. Ni pale naye akapigwa. Omary akapona, Chitete akakufa. Tarehe 24 Mei 2019 kule New York Katibu Mukuu wa ONU akapatia jamaa yake medali ya Kapiteni Mbaye Diagne, ule Musenegali mwenye alikuwa anaficha na kupitisha batu Kigali mu 1994 bila bunduki mukononi, mpaka akauawa tarehe 31 Mei mwaka ule ule.

Muzee wetu alikuwa anatusimuliaga hii ya Chitete na kila mara anasimama fasi moja: akamuvuta KWANZA, dawa NYUMA. Hakupiga magoti katikati ya masasi kufungua bandeji. Ukikumbuka tu hii, ingine yote iliyobakia unaweza kuijifunza polepole.

Bon. Umesikia masasi, umeona mutu ameanguka, roho inakuambia kimbia kwake. Usikimbie. Mwenye alimupiga bado anaangalia palepale, na ukifika pale wima na mikono mitupu munakuwa babili ba kubeba. Lala, tambaa, ingia nyuma ya kitu, angalia. Angalia masasi inatokea upande gani, na kati yako na yeye kuko nini. Kama ni bombu njo ilianguka, ujue ya pili mara mingi inafwata ya kwanza palepale, donke hesabu kwanza, usiingie mu moshi ya kwanza.

Na hapa lazima niongee juu ya kuta, juu ni kitu ya hapa kwetu kabisa. Nyumba zetu mingi ni mbao na manjanja (mabati). Mbao haizuie lisasi, hata tatu zikifwatana, na manjanja ndio kabisa, lisasi inapita kama sindano mu kikwembe (kitenge). Inakuficha tu, haikukinge. Mulango wa gari pia haikinge, ile batu banajifichaga nyuma yake banajidanganya, kama ni gari basi kaa nyuma ya moteri na gurudumu. Kitu yenye inakinga kweli Goma ni jiwe ya volkano. Ile mawe nyeusi yenye tunajengea lupango, yenye Nyiragongo ilitumwangia 2002 na ikarudilia 2021, yenye inakulaga viatu zetu kila siku, ile njo rafiki yako. Ukuta wa mawe wa kimo ya tumbo unatosha kama umelala chini yake. Leo kabla hakuna vita pitia mu avenue yenu uangalie fasi gani iko ukuta wa mawe, fasi gani iko kaniveau ya maji yenye mutu anaweza kulala ndani. Hii haiombe franga.

Ukiwa nyuma ya jiwe sasa, ita. Muite kwa jina kama unalijua. «Unaweza kutambaa? Tambaa kuja huku! Usisimame!» Batu mingi bakipigwa muguu bado banaweza kujivuta kwa mikono, ila woga njo unabagandisha, na sauti ya mutu mwenye anamujua inamutosha mu ile hali. Kama hawezi kutambaa muambie afinye yeye mwenyewe fasi damu inatoka, kwa nguvu, kwa mikono mbili, mutupie mukaba ao kikwembe ajifunge juu ya kidonda. Kama hajibu na hasogei, na masasi ni mingi, mara ingine inabidi ungoje. Ndio, kungoja. Miye nilisha ngoja na ni kitu mbaya kuliko kukimbia, unasikia kila pumzi.

Siku moja ya ile wiki kijana wa avenue yetu alianguka karibu na robine, mutungi wa njano mukononi, lisasi mu paja. Kutoka ukuta wetu mpaka kwake ilikuwa kama mita 12. Mama yake alikuwa tayari amepanda ukuta, nikamukamata kwa kikwembe, ikafunguka ikabakia mukononi mwangu. Nikamuambia mama unisamehe, kikwembe naitumia. Nikaona masasi inakuja kwa mafungu: tatatata, kisha kimya kidogo, kisha tena. Nikatambaa mu kile kimya. Sikusimama hata mara moja na sikujua kama nilikuwa nalia mpaka batu baliniambia nyuma.

Namna ya kuvuta. Usimubebe mugongoni kama mutoto wala usimunyanyue kama bibi arusi, ile ni ya mu filme, inakusimamisha wima na inakuchosha mu hatua tano. Muvute chini, kwa urefu wake, kichwa kikitangulia, mugongo na shingo zikibakia kwa mustari moja. Ukiwa peke yako kamata shati ao vesti yake pale mabegani, zungusha nguo mu ngumi zako ili isiteleze, kichwa chake kiegemee ku mikono yako, na uvute ukirudi kinyume-nyume, ukiinama sana ao ukikaa matako chini unasukuma na miguu. Kama shati inapasuka pitisha kikwembe chini ya makwapa yake mawili, miisho yote mbili itokee nyuma ya shingo, ukamate pale. Muko babili? Kila mutu akamate bega moja, muhesabu pamoja, mutembee pamoja, moja akianguka ule mwengine asiache. Na ujue ardhi yetu: ukimuvuta juu ya lava bila kitu chini utamuchuna mugongo. Kama uko na sekunde ya zaidi muingize juu ya bashi (turubai), ao godoro, ao gunia ya makala yenye imepasuliwa, inateleza vizuri kuliko unavyofikiri. Kama hauko na ile sekunde, vuta tu, mugongo utapona.

Kitu moja tu yenye unaweza kufanya katikati ya masasi kabla ya kuvuta ni garo (kitambaa ya kukaza muguu ao mukono ili damu isimame), na ni kama damu inaruka kama maji ya robine na kumuvuta itakawia. Hapo funga juu ya nguo, juu kabisa ya paja ao ya mukono karibu na kwapa, kaza, na muende. Hapana kutafuta kidonda.

Sasa muko nyuma ya ukuta. Hapa njo kazi ya kweli inaanza, na hapa njo batu banapotezaga mutu juu banafikiri wokovu umeisha. Mutu mukubwa ako na kama litre 5 za damu, mushipa mukubwa wa paja ukikatika anaweza kukufia mikononi yako mu dakika 3 ao 5. Donke usimuulize jina ya baba yake. Mutazame kuanzia shingo mpaka miguu, pitisha mikono chini ya mugongo, chini ya mapaja, kila mara utazame kiganja chako kama kimerudi na damu. Lisasi iko na mulango wa kuingia na mara mingi mulango wa kutoka, na ule wa kutoka njo unafichamaga nyuma.

Garo ya kweli ya basoda iko na kamba na fimbo yake, ukiwa nayo vizuri. Hatuna, tunatengeneza. Pasua kikwembe upate kipande yenye iko na upana wa vidole tatu, usitumie waya, usitumie kamba ya kiatu, ile inakata nyama na haizuie damu. Zungusha mara mbili, vidole ine juu ya kidonda, upande wa moyo, kamwe usifunge palepale ku goti ao ku kiwiko. Funga fundo moja, weka fimbo juu, funga fundo ya pili juu ya fimbo, na sasa zungusha ile fimbo kama unakamua nguo. Fimbo! Siyo biki (kalamu). Biki inavunjika, kila mutu anajaribuga na biki na kila mara inavunjika. Miye siku ile nilitumia mukono wa muiko ya bugali, mama moja aliurusha kutoka mu jikoni yake. Zungusha mpaka damu inasimama. Atalia, atakutukana, atakulomba ufungue, kijana wetu aliniuma mukono, alama iko mpaka leo. Kama hasikii maumivu ya garo na hajazimia ujue haujakaza. Damu ikiendelea weka garo ya pili karibu na ya kwanza, juu yake. Kisha funga ile fimbo isirudi.

Na uandike saa. Juu ya paji la uso, na biki (hapa njo biki inasaidia), ao makala, ao rouge à lèvres, hata na damu yenyewe: G na saa. Usifungulie-fungulie «ili muguu upumue», ile njo kosa kubwa yenye nasikia kila fasi. Ukifungua, damu yenye ilibakia inatoka na unaanza upya na mutu mwenye hana tena damu. Garo inaweza kukaa mpaka saa 2 na muguu ukaokoka. Ikipita hapo uamuzi ni ya munganga, hapana yako.

Kuko fasi garo haiingie: mu nyonga, mu kwapa, mu shingo. Hapo unajaza. Kamata kitambaa safi, ingiza na kidole mpaka chini ya kidonda kabisa, fasi yenye unasikia moto ya damu inasukuma kidole, na uendelee kuingiza kitambaa mpaka shimo ijae na ipite juu, kisha finya na uzito ya mwili wako wote dakika 10. Dakika 10 ya saa, hapana ya roho. Usinyanyue kuangalia. Ku shingo finya upande moja tu, usizungushe kitu shingo yote, utamunyonga.

Kifua: kama shimo inanyonya hewa na kutoa mapovu, funika na sashe safi ao kipande ya plastiki, gundisha pande tatu, ya ine iache wazi hewa itoke. Kama baada ya kufunika anazidi kukosa pumzi nyanyua plastiki kidogo, hewa itoke, rudisha. Muache akae kama anapumua vizuri akiwa amekaa. Tumbo: matumbo ikitoka usiirudishe ndani, funika na kitambaa safi yenye umelowesha maji safi, na usimupe kitu ya kunywa hata akilomba na machozi. Loanisha midomo tu. Kitu yenye imebakia imechoma ndani, chuma ao kipande ya bombu, usiichomoe.

Na tafazali: hapana kahawa mu kidonda, hapana majivu, hapana sukari, hapana mafuta ya gari, hapana kasiksi (pombe ya ndizi) ya kumupa nguvu. Nilisha ona yote ile.

Baridi. Kitu hii inasahaulika kabisa na sisi tunaishi kwenye mita karibu 1500, usiku unaujua. Mutu mwenye amepoteza damu akipata baridi damu yake inaacha kushikamana na inatoka zaidi. Weka kitu CHINI yake kwanza, juu lava inanyonya joto, kisha umufunike na blanketi, bashi, makoti ya batu. Hata saa sita ya mchana.

Kabla sijasahau, kama mutu mwenyewe ni soda. Muokoe vilevile. Mapatano ya Geneva ya 1949, kifungu cha 3, inasema wazi hata kwa vita ya ndani ya inchi: bale banaumizwa bakusanywe na bahudumiwe, haiulize ni ba upande gani. Lakini bunduki yake usiiguse. Usiibebe, usiisogeze, usimutilie ku bega «ili isipotee», juu mwenye anakuangalia kwa mbali ataona mutu na bunduki, hataona sekuriste. Usivae koti yake. Usijichoree musalaba mwekundu kama hauko wa Croix-Rouge, unahatarisha bale benye banauvaa kwa haki. Kitambaa cheupe ku fimbo, na sauti: «Tuko tunabeba mugonjwa!»

Wengine banasemaga ujasiri unazaliwa nao. Miye nafikiria Desmond Doss, ule Mumarekani mwenye alikataa kabisa kushika bunduki na bakamucheka, kisha kule Okinawa mu Mei 1945 akabakia juu ya jabali na bale benye balianguka, akabashusha moja moja na kamba, hesabu yenye iliandikwa mu maandishi ya medali yake ni batu 75. Batu banapenda ile ya 75. Miye napenda ile fundo. Alikuwa amejifunza kufunga fundo yenye inatosha matanzi mbili, ya miguu, mu mazoezi, siku hakuna vita. Ujasiri wake ungekuwa bure kama mikono yake haikuijua. Wewe pia, jioni moja, kamata ndugu yako, umulaze mu lupango, umufunge garo na kikwembe na muiko mpaka useme unaweza kuifanya mu giza. Muvute mita 10. Utashangaa mutu mwenye hajisaidie anakuwa muzito namna gani.

Kubeba ku lopitali sasa. Ambilansi ukiipata shukuru Mungu. Kama haiko, chukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mbili yenye banasukuma. Sicheki. Ile mbao inabebaga magunia ya viazi kutoka Kibumba, haishindwe na mutu. Tia godoro, mulaze kichwa upande wa usukani, miguu imefungwa na kikwembe isianguke, moja anashika usukani, moja anashika kichwa, wawili banasukuma, na mumoja anatangulia kutosha mawe ku njia. Pikipiki ni ya mutu mwenye anaelewa na hana kidonda ya shingo ao ya mugongo: motari, mugonjwa, na mutu nyuma mwenye anamukumbatia na kushika kidonda.

Kijana wetu tulimupeleka na chukudu. Posti ya afya ya kwanza yenye tulifika, jina siitaje, mulinzi alichungulia mu kitundu ya mulango akasema hakuna nafasi, akafunga. Tulikaa pale labda dakika 2 tukipiga ile manjanja na ngumi, dakika 2 zenye sikusamehe mpaka leo, kisha mwenye chukudu akasema bapapa tunapoteza wakati, akaigeuza. Tulipita fasi yenye masasi ilikuwa imenyamaza, mama anakimbia kando na kitenge ya jirani, kwa mguu mutupu juu ya lava.

Lopitali ya pili batu balikuwa balala mpaka mu koridori, mpaka chini ya mangazi. Mwanamuke moja infirmiere akaja, hakusalimia, akanyanyua kikwembe, akaangalia muiko, akaishika kuona kama inacheza. Haikucheza. Akauliza tu: «Saa ngapi?» Nikasukuma nywele za kijana nyuma nikamuonyesha paji. 4:40. Akaangalia saa yake ya mukono, akasema bado, akaita batu babili, bakamupitisha mbele.